MAISHA YA MICHAEL FARADAY, MSHONA VITABU ALIYEONYESHA WATOTO UMEME



Siku hizi katika vyuo vya ufundi vya inchi mbalimbali kuko wanafunzi wanaotengeneza programu za kompyuta kwa kufundisha watoto njia ya umeme. Mtoto anavaa miwani kubwa yenye kufunika macho yote mawili, na ndani yake anaona meza, mawe ya tochi, nyuzi na ampuli. Anaunga uzi kwa mkono wake, anaona umeme ukitembea kama maji katika mfereji. Akikata njia pahali pamoja, ampuli inazimika. Mbele yake hakuna kitu, ni picha tu, lakini ile picha inamsaidia, kwa maana shida kubwa ya umeme ni hii: hauonekani. Katika kaye zetu za fizike tunaandika U, R na I, tunafanya hesabu, tunapata namba, na wengi kati yetu tunapita mtihani bila kuwaza hata kidogo ni kitu gani kinapita ndani ya uzi.

Nataka kuwaeleza maisha ya mtu aliyesumbuka na ile shida mbele ya kompyuta zote. Jina lake ni Michael Faraday. Hakusoma chuo kikuu. Hesabu za aljebra hakuzijua. Alikuwa Mkristo wa kanisa dogo lenye watu wachache. Na mbele ya kuitwa mwenye elimu, alikuwa mshona vitabu.

Alizaliwa tarehe 22 mwezi wa 9, mwaka 1791, ku Newington, mtaa ambao leo umemezwa na muji wa London, katika Uingereza. Baba yake, James, alikuwa mfua chuma. Alikuwa mtu wa kazi lakini mgonjwa, siku nyingine hakuweza kusimama kwenye moto wake, na mfua chuma asiyesimama kwenye moto hali. Mama yake aliitwa Margaret. Watoto walikuwa wanne, Michael alikuwa wa tatu. Katika mwaka 1801 bei ya ngano ilipanda sana, na jamaa ile ikapokea msaada wa maskini. Michael alipewa mkate mmoja kwa juma nzima. Alikuwa na miaka 9. Aliugawanya mwenyewe, kipande cha asubuhi na kipande cha mangaribi, mpaka siku ya saba.

Masomo yake yalikuwa kusoma, kuandika na kuhesabu, basi. Inasemwa hakuweza kutamka herufi r vizuri, hata jina la kaka yake Robert lilimshinda. Mwalimu akakasirika, akampa Robert feza kidogo kwenda kununua fimbo ya kumpiga mdogo wake. Robert akatupa ile feza nyuma ya ukuta, akakimbia kwa mama. Mama akaja, akatoa watoto wake wote wawili katika masomo yale. (Mimi nafikiri mama yule alifanya vema, ingawa sisemi kila mzazi afanye hivi!)

Mwaka 1804, akiwa na miaka 13, Michael akaingia kazi kwa Bwana George Riebau, Mfaransa aliyekuwa na duka la vitabu ku London. Kwanza alikuwa mtumwa wa njiani: alipeleka magazeti nyumba kwa nyumba, na baadaye alipita tena kuyachukua, sababu wakati ule watu walikodi gazeti, hawakulinunua. Mwaka uliofuata alifanywa mwanafunzi wa kazi ya kushona vitabu, kwa mapatano ya miaka 7. Ni hapo mlango ulifunguka. Vitabu vilipita mkononi mwake kwa kushonwa, na yeye alivisoma mbele ya kuvirudisha kwa wenyewe. Siku moja ilipita sehemu ya Encyclopaedia Britannica yenye maelezo marefu juu ya umeme. Siku nyingine kitabu cha Bibi Jane Marcet, mwanamke aliyeandika shimi kwa namna ya mazungumzo kusudi watu wasiosoma sana waelewe. Faraday alimshukuru mwanamke huyo maisha yake yote.

Alisoma vilevile kitabu cha Isaac Watts juu ya kukuza akili. Isaac Watts huyu ni yule mtunga nyimbo. Makanisa yetu ya Kiprotestanti yanaimba nyimbo zake hata leo. Watts alishauri msomaji kuwa na kaye ya kuandika mawazo, kwenda kusikiliza wenye kufundisha, kuandikiana barua na rafiki mwenye kiu ileile, na kutosadiki jambo kwa haraka. Michael akashika mashauri haya moja kwa moja, kama mtu anavyoshika dawa ya daktari. Akaanza kwenda mangaribi kwa mafundisho ya Bwana Tatum. Bei ilikuwa shilingi moja kwa kila fundisho. Robert, yule kaka wa fimbo, alimlipia. Robert alikuwa ameshika kazi ya baba, ya kufua chuma. Baba yao alikufa mwaka 1810.

Katika mwezi wa 7 wa 1812 kijana huyu alijitengenezea pili yake ya umeme, kama ile aliyoivumbua Volta wa Italia mwaka 1800. Alikata vipande saba vya zinki vyenye upana wa feza ndogo ya shaba. Akatwaa feza saba za shaba. Kati yake akaweka karatasi zilizolowa maji ya chumvi. Zinki, shaba, karatasi. Zinki, shaba, karatasi, mpaka juu. Akaunga nyuzi mbili, akatia ncha zake katika maji yenye dawa, akaona mapovu yakitoka. Alimwandikia rafiki yake Abbott juu ya jambo hili kwa furaha kama ya mtu aliyezaa mtoto.

Hapa nataka kusimama kidogo, sababu jambo hili sisi pia tunaliweza. Zinki iko juu ya manjanja mapya ya nyumba, iko vilevile kama kifuniko cha ndani cha mawe ya radio ya namna ya zamani. Shaba tunaipata kwa mafundi wa nyuzi. Karatasi na chumvi ziko kila nyumba. Kila zinki na shaba yake inatoa kiasi kidogo, hakifiki volti moja. Ukipanga saba unapata kiasi cha volti 5. Ampuli ya tochi ya kawaida haitawaka, kwa maana nguvu ya mkondo ni haba. Lakini kile kitaa kidogo chekundu kinachotolewa katika radio iliyokufa kinaweza kuwaka. Geuza nyuzi zake, hakiwaki. Rudisha, kinawaka. Umekwisha kujua kwamba njia ya umeme ina mwendo na ina upande.

Turudie habari. Katika mwaka ule wa 1812 Bwana William Dance, mnunuzi wa Riebau, alimpa Michael tikiti za mafundisho manne ya Sir Humphry Davy. Davy alikuwa mwalimu mkubwa wa shimi, mtu wa sifa, aliyefundisha katika Royal Institution, nyumba ya elimu iliyowekwa mwaka 1799 ku barabara ya Albemarle. Michael aliketi juu kabisa, karibu na saa ya ukutani. Aliandika yote, akarudi nyumbani, akaandika upya kwa mwandiko mzuri, akachora picha za vyombo, kisha akashona karatasi zile, karibu 300, zikawa kitabu chenye ngozi. Kazi ya mikono yake ndiyo ilikuwa barua yake ya kuomba kazi! Alikuwa amekwisha kumwandikia mkubwa wa Royal Society, Sir Joseph Banks, naye hakujibu kitu. Mwisho wa mwaka akampelekea Davy kile kitabu.

Davy alimpokea kwa wema lakini akamshauri akae kwenye kushona vitabu, kwa maana elimu haina feza. Baadaye kidogo msaidizi wa labo alipigana na fundi wa vyombo, akafukuzwa. Davy akakumbuka yule kijana. Tarehe 1 mwezi wa 3, mwaka 1813, Faraday akaingia kazi: shilingi 25 kwa juma, vyumba viwili juu ya nyumba, makaa na mishumaa. Alikaa katika nyumba ile karibu miaka 50.

Mwaka uleule Davy alifunga safari ya Ulaya pamoja na bibi yake, wakati Uingereza na Ufaransa walikuwa wanapigana. Napoleon mwenyewe alitoa ruhusa ya kupita. Mtumishi wa Davy akakataa kwenda. Faraday akaombwa afanye kazi yake kwa muda mfupi tu, mpaka apatikane mwingine. Kumbe mwingine hakupatikana. Kijana aliyekwenda kujifunza elimu akajikuta anapanga viatu, na Bibi Davy alimtendea kama boyi, akimkataza kula mezani pamoja nao. Faraday aliumia sana, aliwaza kurudi nyumbani na kuacha elimu. Lakini katika safari ile aliona Ampère ku Paris, na Volta mzee ku Milano. Alivumilia mpaka walipogeuka, mwezi wa 4 wa 1815.

Sasa tufike kwenye umeme wenyewe. Mwaka 1820 Ørsted, mwalimu wa Denmark, aliona kwamba uzi wenye mkondo unasukuma sindano ya dira. Wenye elimu wote wa Ulaya wakaruka juu. Katika mwezi wa 9 wa 1821 Faraday alitwaa kikombe chenye zebaki, akasimamisha sumaku katikati, akaninginiza uzi kutoka juu ncha yake ikigusa zebaki, akapitisha mkondo. Uzi ukaanza kuzunguka sumaku, ukazunguka bila kusimama. Ile ndiyo moteri ya kwanza ya umeme. Shemeji yake mdogo, George, kijana wa miaka 14, alikuwa pale chumbani, na wote wawili wakacheza kuzunguka meza.

Furaha haikukaa. Faraday aliandika habari upesi, naye hakutaja jina la Bwana Wollaston, mkubwa wake, ambaye alikuwa amewaza juu ya jambo la karibu. Watu wakaanza kusema kwamba mtoto wa mfua chuma ameiba wazo la wakubwa. Kwa mtu wa dini kama yeye, kuitwa mwizi kulikuwa kama kuchomwa moto. Akaenda kwa Wollaston mwenyewe, uso kwa uso, akaeleza, na Wollaston hakushika kinyongo. Lakini Davy alishika. Mwaka 1824, jina la Faraday lilipopelekwa ku Royal Society, Davy alikuwa mkubwa wa ile jamii, naye alisimama kumpinga. Hata hivi Faraday alichaguliwa. Kura moja tu ilikuwa ya kukataa. Hapo tunaona jambo chungu: yule aliyemwinua ndiye aliyeona vibaya akipanda. Faraday hakumsema Davy vibaya hata siku moja.

Wazo lililomkamata lilikuwa hili. Kama umeme unafanya sumaku, basi sumaku nayo lazima ifanye umeme. Alijaribu mwaka 1824. Hapana. Alijaribu 1825, akajaribu 1828. Hapana. Kila mara aliandika katika kaye yake kwamba hakuona kitu. Na kazi nyingine zilimfunga, hasa ile ya kutengeneza vioo vya darubini, kazi aliyotwikwa kwa miaka. Kwa vioo vile alipewa msaidizi mmoja, Charles Anderson, askari wa zamani. Anderson alikuwa mtu wa kutii kabisa. Mangaribi moja Faraday alisahau kumwambia aende nyumbani. Asubuhi akamkuta angali anatia makaa katika tanuru, amekesha usiku mzima!

Tarehe 29 mwezi wa 8, mwaka 1831, njo siku kubwa. Faraday alikuwa na pete ya chuma laini, upana wake kiasi cha santimetre 15. Upande mmoja alizungusha nyuzi ya shaba mara nyingi, na upande wa pili vilevile. Nyuzi zenye plastiki hazikuwako. Kati ya tabaka na tabaka aliweka kamba na kitambaa, kwa mkono, kusudi shaba isiguse shaba. Ni kazi ya mtu aliyezoea kushona. Pande mbili hazikuungana pahali popote. Upande wa pili aliuunga kwa uzi mrefu uliopita juu ya sindano ya sumaku. Kisha akaunga upande wa kwanza na pili ya umeme.

Sindano ikaruka. Ikatikisika, ikarudi mahali pake, ikatulia, ingawa umeme ulikuwa unaendelea kupita katika upande wa kwanza. Akakata umeme. Sindano ikaruka tena, sasa kwa upande mwingine.

Wenzake wa miaka kumi walitafuta jambo lenye kukaa, mkondo wa kudumu. Yeye pia alikuwa anatafuta hivyo. Kumbe jambo liko katika kubadilika: umeme wa upande wa pili unazaliwa wakati ule tu sumaku inapanda ao inashuka. Tarehe 17 mwezi wa 10 alisukuma sumaku ndani ya nyuzi zilizozungushwa, sindano ikatikisika. Akaitoa, ikatikisika tena. Tarehe 28 alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa ya Royal Society, akapata mkondo wenye kuendelea maadamu sahani inazunguka. Katika Marekani Joseph Henry naye alikuwa anaona mambo ya namna hii, lakini Faraday alitangaza mbele. Ile pete ndiyo babu ya transfo zote zinazosimama kwenye miti ya umeme katika mitaa yetu, na ile sahani ndiyo babu ya mashini za Inga, za Ruzizi na za Mwadingusha. Maji yanazungusha, sumaku inazunguka mbele ya nyuzi, umeme unatoka. Pasipo kuzunguka, hakuna kitu.

Kwa kufahamu mambo haya, Faraday asiyejua aljebra alitumia macho. Alimwaga unga wa chuma juu ya karatasi, chini yake sumaku, akagonga karatasi pole, na unga ukajipanga kwa mistari iliyopinda kutoka ncha hata ncha. Wengine waliona mchezo wa watoto. Yeye aliona kwamba nafasi ile ya kuzunguka sumaku si tupu, ina kitu ndani yake. Wenye hesabu walimcheka kidogo. Lakini James Clerk Maxwell, kijana wa Scotland, akatwaa mistari ile tangu mwaka 1855 na kuigeuza kuwa hesabu, na kutoka hesabu ile tukapata elimu ya radio.

Sasa watoto. Faraday na Sarah Barnard walioana tarehe 12 mwezi wa 6, 1821. Hawakupata mtoto. Labda ndiyo sababu moja alipenda watoto wa wengine hivi. Royal Institution ilianza mwaka 1825 kupanga mafundisho ya wakati wa Noeli kwa vijana, na Faraday aliyafundisha mara 19, kutoka 1827 mpaka mwisho wa 1860. Kila mara yalikuwa mafundisho kadhaa yenye kufuatana. Fikiri mtu mwenye sifa katika Ulaya nzima, wafalme wanamwandikia, naye siku za Noeli anasimama nyuma ya meza na kueleza mshumaa kwa mtoto wa miaka 10.

Namna yake ilikuwa moja: kuonyesha. Alishauri vijana walimu kwamba hata jambo ambalo kila mtu analijua lionyeshwe. Ukisema jiwe linaanguka, basi liangushe. Mbele ya kila fundisho alijaribu vyombo vyote mwenyewe. Alikuwa amelipa mwalimu wa kusema, kwa kurekebisha ulimi wake, na aliomba wamwonyeshe karatasi yenye neno la kumkumbusha apunguze mwendo, kwa maana furaha ilimfanya aseme mbio. Kuonyesha nguvu ya sumaku ya umeme, hakuandika kanuni ubaoni. Alishika ndoo ya makaa, yenye makaa yake, akaitupa kwenye ile sumaku kubwa, kisha koleo na fimbo ya moto, na vyote vikashika pale kwa kelele kubwa. Watoto wakalia kwa furaha. Hakuna mmoja kati yao aliyesahau, hapana shaka. Mtoto wa Malkia Victoria, yule aliyekuja kuwa mfalme Edward wa 7, alikuwa kati ya wasikilizaji wa Noeli ya 1855. Mafundisho ya mshumaa ya mwisho wa 1860 yalitiwa katika kitabu, na kitabu kile kinasomwa mpaka leo.

Kuko jambo jingine la kuona kwa macho. Mwaka 1836 alijenga chumba cha miti, cha pande nne, kila upande zaidi ya metre 3 na nusu, akakifunika kwa nyuzi za shaba na karatasi za bati. Akakiinua juu ya vitu visivyopitisha umeme. Kisha akaingia ndani na mshumaa na vyombo vyake vya kupimia, huku nje mashini inatia umeme kwenye kile chumba mpaka cheche zinaruka kutoka pembe zake. Ndani hakusikia kitu. Vyombo havikutikisika. Umeme unakaa nje ya chuma. Njo maana mtu aliye ndani ya motokari iliyofungwa wakati wa radi yuko katika usalama kupita mtu aliye chini ya mti. Sisi watu wa mashariki ya Congo tunapaswa kujua jambo hili mbele ya wengine, kwa maana satelite zimeonyesha kwamba milima ya Kivu ni kati ya mahali pa radi nyingi kabisa duniani. Na tunajua namna radi ikipiga nyumba, watu wanaanza kutafuta mchawi.

Faraday pia alikutana na mambo ya namna hii. Mwaka 1853 London nzima ilishikwa na mchezo wa meza: watu waliketi, wakaweka mikono juu, na meza ikatembea. Wengine wakasema ni roho za wafu, wengine wakasema ni umeme. Faraday hakuwatukana. Alitengeneza chombo: vipande vya karatasi ngumu chini ya mikono, vyenye kuteleza, na kijiti cha kuonyesha ni kipi kinaanza kutembea, mkono ao meza. Ulikuwa mkono. Wenyewe hawakujua kwamba wanasukuma, walikuwa watu wa kweli. Na walipoangalia kijiti kile, meza ikakataa kutembea. Aliandika katika gazeti Times, na wengi walimkasirikia.

Inafaa niseme juu ya kanisa lake. Lilianzishwa Scotland na John Glas, aliyetoka katika kanisa la serikali, na mkwe wake Robert Sandeman akalieneza. Hawakuwa na mchungaji wa mshahara, wazee ndio walihubiri. Walikula pamoja kila siku ya Mungu, walioshana miguu, walikatazwa kukusanya mali. Faraday alikiri imani yake mbele ya kanisa mwaka 1821, mwezi mmoja nyuma ya kuoa, bila kumwambia Sarah kwanza. Alifanywa mzee wa kanisa mwaka 1840. Lakini mwaka 1844 kulitokea mabishano juu ya nizamu, na wengi wakatengwa, Faraday naye. Mtu aliyejulikana na Ulaya yote akaketi nje ya meza ya ndugu zake. Walimpokea tena nyuma ya majuma machache, lakini uzee wa kanisa haukurudi mpaka 1860. Hakutafuta kanisa lingine, na hakuandika neno la kujitetea kwa watu wa nje. Mimi ninaona hili lilimgharimu kuliko kura ya Davy.

Mali hakuipata, na angeweza. Makampuni yalimlipa vizuri kwa mashauri. Karibu wakati wa uvumbuzi wake mkubwa alipunguza kazi zile, akachagua labo. Mwaka 1857 walimwomba awe mkubwa wa Royal Society, akakataa. Alitaka kubaki Michael Faraday tu, bila cheo mbele ya jina. Tangu mwaka 1839 akili yake ilikuwa imeanza kuchoka. Alisahau, kichwa kilizunguka, mara nyingine alisimamisha kazi kwa miezi. Ndiyo sababu aliandika kila jambo na kulipa namba. Kaye zake zina mafungu zaidi ya 16 000. Mwenye kusoma anaona mtu anayeshindana na kusahau, anaacha alama njiani kusudi kesho ajue pa kuanzia.

Mwaka 1858 Malkia alimpa nyumba ku Hampton Court, akae bure. Huko alidhoofika pole pole. Mangaribi aliketi dirishani na Sarah, akiangalia jua likishuka, na siku za radi alifurahi sana. Alikufa kwenye kiti chake cha kazi, tarehe 25 mwezi wa 8, 1867, akiwa na miaka 75. Hakuzikwa katika Westminster pamoja na Newton. Alizikwa Highgate, katika upande wa wale wasiokuwa wa kanisa la serikali, na juu ya jiwe kuko jina na tarehe tu. Sarah alimfuata mwaka 1879, akawekwa karibu naye. Pete ya chuma yenye nyuzi zake na vitambaa vyake ingali katika nyumba ya barabara ya Albemarle.